Omu Nane

Wanamuziki wa dansi wana neno moja wanalolitamka kwa heshima kuliko "kipaji", nalo ni "vyombo". Bendi huzaliwa na mtu mwenye vyombo, na hufa vyombo vikiuzwa au vikizuiwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya TTTS, kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikaenda DDC. Tunasimuliana sana habari za waimbaji waliohama bendi hii kwenda ile, lakini hatusemi walihama na nini. Mpiga gitaa aliyehama aliondoka na vidole vyake. Gitaa lilibaki.

Baba mdogo alipiga besi miaka 11 katika bendi ambayo sitaitaja. Siku moja mwenye bendi aligombana na mwenye ukumbi, akafunga vyombo vyote stoo na kuondoka na ufunguo. Baba mdogo akauza matairi kwa mtu miezi saba. Jioni alikaa sebuleni, vidole vyake vya kulia vikitembea kwenye mkono wa kochi, polepole, kama mtu anayehesabu fedha asizokuwa nazo. Mimi nilikuwa darasa la tano. Kochi lile lilichakaa upande mmoja tu.

Kwa hiyo mwaka jana, kiongozi wa bendi yetu aliponiambia, "Nitakununulia kichwa cha besi na maboksi mawili makubwa, tutakata kidogo kidogo kwenye posho, ila vitabaki mali ya bendi," nilimwomba wiki mbili za kufikiri. Wenzangu walishangaa. Si mtu mbaya, na hela yake ilikuwa mara tatu ya ile niliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa na shilingi 1,400,000, akiba ya harusi za miezi kumi na nne. Harusi za watu wengine, nifafanue.

Nilitaka kujua hela hiyo inaweza kununua nini hasa.

Besi ni ghali kwa sababu za kifizikia, si za kibiashara tu. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ule wa E, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kusukuma hewa namna hiyo kunahitaji koni kubwa na nguvu nyingi. Mpiga solo akiwa na amplifaya ya wati 30 anaweza kumkera mpiga ngoma. Mpiga besi mwenye wati 30 anaonekana tu.

Basi mtu anakimbilia wati, na Kariakoo wati zimejaa. Nimeona stika ya wati 3000 kwenye kifaa ambacho waya wake wa umeme ni mwembamba kuliko wa pasi. Swali la kumuuliza muuzaji ni: wati ngapi mfululizo, na kwa omu ngapi? Asiyejua jibu alisome nyuma ya mashine. Halafu kuna jambo ambalo stika haiwezi kukwambia: ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 250 hadi 500, unapata desibeli tatu tu. Sikio linazitambua, lakini hakuna atakayegeuka kwenye meza. Ili ukumbi uhisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli kumi, yaani nguvu mara kumi.

Ndiyo maana nilianza na boksi, kichwa baadaye. Kila spika ina kipimo cha wepesi wake wa kugeuza umeme kuwa sauti: desibeli inazotoa kwa wati moja, ukisimama mita moja mbele yake. Boksi lenye 100 na wati 200 linalingana na boksi lenye 97 na wati 400. Namba hiyo haijaandikwa kwa rangi nyekundu popote, lakini ndiyo inayokuokolea hela.

Baba mdogo, ambaye sasa ana miaka 63 na mita ya fundi mfukoni, alitaka boksi la spika moja ya inchi 15. "Besi ni kumi na tano, mwanangu." Kizazi chake kinaamini inchi kumi ni za gitaa. Nikamwambia, "Baba, zidisha." Kumi na tano mara kumi na tano ni 225. Spika mbili za inchi kumi ni 100 na 100, yaani 200. Eneo linakaribiana, na mengine yanategemea ukubwa wa boksi na jinsi lilivyotengenezwa. Alinyamaza, kisha akanikumbusha kwamba Ampeg SVT ya mwaka 1969, mashine aliyoiota ujana wake wote, ilipigia boksi la spika nane za inchi kumi. Alijifanya ni yeye aliyenipa hoja hiyo. Nilimwachia.

SVT ile ilikuwa na wati 300, valvu 14, na kichwa chake peke yake kilizidi kilo 35. Vichwa vya leo vya daraja D huwasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo havipotezi nguvu nyingi kwa joto, na vingi havifiki kilo tatu. Kwa mtu anayekwenda kazini kwa bajaji, hiyo si anasa.

Sasa omu, ambazo watu huzikimbia bure. Fikiria ukumbi wa harusi wenye mlango mmoja. Watu ni umeme, mlango ni boksi. Ukifungua mlango wa pili unaofanana na wa kwanza, watu wanatoka kwa wepesi maradufu. Ndivyo maboksi mawili ya omu nane yanavyokuwa omu nne yakiunganishwa sambamba. Kichwa kinachoruhusu omu nne kwenda juu kitayabeba vizuri. Lakini unganisha boksi la omu nne na la omu nane, na jumla inashuka chini ya omu tatu. Kichwa kitajizima kujilinda, kikikuhurumia, au kitaungua.

Boksi moja la omu nne lingenipa nguvu zote za kichwa siku hiyohiyo. Wauzaji wanalisifia kwa sababu hiyo. Nililikataa kwa sababu linafunga mlango: nikipata hela nyingine mwakani, siwezi kuongeza kitu. Boksi la omu nane linatumia sehemu tu ya nguvu leo, kichwa cha wati 500 kikitoa kama 300, na linasubiri mwenzake. Likija boksi la pili la aina ileile, sauti inapanda kama desibeli tano: mbili na kidogo kwa nguvu iliyofunguka na tatu kwa spika zilizoongezeka. Hakuna kichwa cha bei yangu kinachoweza kunipa hivyo.

Tulikwenda dukani Jumatatu asubuhi, siku wanamuziki wamelala. "Dada, unamchukulia shemeji?" muuzaji akauliza. Baba mdogo akacheka kabla sijajibu. Kichwa cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa kizuri na rahisi, kimetoka Japani, na nyuma kimeandikwa volti 100. Umeme wetu ni 230. Tulikirudisha kwenye shelfu. Cha pili kilikubali volti 100 hadi 240, kilikuwa na tundu la kupeleka sauti kwa fundi mitambo, kimetumika, shilingi 680,000.

Boksi lilikuwa na spika mbili za inchi kumi, kapeti imechanika kona moja. Baba mdogo aliligonga pande zote kwa kifundo cha kidole akisikiliza mbao iliyoachia. Akasukuma koni kwa vidole vilivyotawanywa sawasawa, taratibu, ndani na nje. Koili iliyopinda husikika ikikwaruza. Kisha akashika mita. Ikasoma sita. Muuzaji akaanza kujitetea kwamba nyuma pameandikwa nane. "Ni nane," baba mdogo akasema bila kuinua kichwa. "Mita inasoma chini kidogo siku zote. Ingekuwa ya nne ungeona tatu." Nikapiga waya wa E, ukaacha vumbi likitembea juu ya kabati la kioo. Tulikubaliana 520,000.

Waya wa kutoka kichwani kwenda kwenye boksi nilinunua mpya, wa spika, mnene. Ule wa gitaa unaingia kwenye baadhi ya matundu hayo, lakini haukuumbwa kubeba nguvu hiyo.

Nilimpigia kiongozi simu nikiwa bado kaunta, nikamshukuru na kumwambia nitakuja na vyombo vyangu. Akanyamaza kidogo. "Vya nani?" akauliza. Nikarudia. Akasema sawa, lakini Jumamosi niwahi, ukumbi ni mdogo.

Baba mdogo alikuwa ameshachukua risiti, ameisogeza mbali na macho yake kama wafanyavyo wasiokubali kununua miwani. Jina langu lilikuwepo, yote matatu. Akaigeuza, akaigeuza tena, akairudisha kaunta.

"Kijana, andika na namba ya mashine. Na ya boksi."