Kushusha gitaa toni moja: uzi wa unene gani?

Leo ni habari za gitaa, ingawa programu imo ndani.

Dadangu ndiye huanzisha nyimbo nyumbani kwetu. Alifanyiwa upasuaji wa koo, na sauti iliporudi ilikuwa imeshuka. Wimbo aliotaka kuimba kwenye kumbukumbu ya baba tulizoea kuupiga katika E. Yeye sasa anafika D. Ningehamisha vidole tu, lakini mwanzo wa wimbo ule unategemea uzi mnene ukipigwa wazi, jinsi baba alivyoupiga. Basi nikalishusha gitaa zima toni moja.

Matokeo? Aibu. Nyuzi zilikwaruza freti, na nikibonyeza kwa nguvu noti inapanda. Dada akadhani ni sauti yake inayokosea. Hilo liliniuma.

Usiku nikaandika programu fupi ya Python. Mkazo wa uzi hutegemea uzito wake kwa kila inchi, urefu wake, na idadi ya mitetemo kwa sekunde. Programu ikasema nimepoteza asilimia 11. Nikanunua uzi mnene wa .048 badala ya .046. Bado ukalegea.

Kumbe kosa lilikuwa langu: mitetemo na urefu huzidishwa mara mbili, yaani kipeo cha pili. Ukishuka oktava nzima, mkazo hubaki robo. Programu yangu ilisema nusu. Ningejaribu oktava kwanza, ningeokoa nauli ya mjini.

Hesabu sahihi ni hii, kwa gitaa la umeme lenye nyuzi za inchi 25.5. Uzi wa .046 kwenye E (mitetemo 82.4) una mkazo wa kilo 7.9 hivi. Ukishushwa hadi D (73.4) unabaki na kilo 6.3, asilimia 21 zimeenda. Kurudisha mkazo, zidisha unene kwa 1.06 kwa kila nusu toni. Toni moja ni karibu 1.12: .010 inakuwa .011, na .046 inakuwa .052.

Si lazima kila mtu afanye hivyo. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani mwaka 1965, alitumia nyuzi nyembamba, na katika nyimbo kadhaa za Master of Reality (1971) akashusha gitaa toni moja na nusu. Yeye ulegevu ulimfaa. Mimi nina mkono mzito.

Nikafunga seti ya 11 hadi 52. Shingo halikupinda, kwa sababu mkazo ni karibu ule ule wa zamani. Kilichosumbua ni mfereji wa juu, pale uzi unapopita kwenda kwenye kigingi: .052 ilikwama, nikiutyuni unaruka kwa kishindo. Fundi akaupanua kidogo kwa tupa.

Siku ya kumbukumbu dada aliimba mpaka mwisho. Hakuuliza nimefanya nini.

Ndani ya kasha nimebandika karatasi: "D, SI E." Mtu akiupandisha ule uzi mnene hadi E, utavuta karibu kilo 10, na shingo litajua. Nikiulizwa nitairudisha lini E, namwangalia dada.