Kavantilatere ka milimetri 40

Ordinatere yetu ya nyumbani ni ya mwaka 2005. Ndani yake mulikuwa picha zote za marehemu mama yangu, na hatukuwa na kopi. Ikaanza kulia kama mashini ya kusaga, kisha kukwama kila wakati. Mtoto akasema: « Papa, ni virusi. »

Hapana! Nilichomoa kamba ya umeme, nikafungua: kavantilatere ka juu ya chipuseti kalisimama, vumbi ya Kolwezi tele. Nilikatoa na chuma chake, nikapangusa pate ya zamani kwa alkoli, nikapaka mupya kidogo tu, nikafunga kengine ka volti 12 kenye nilipata sokoni. Mikono ilitetemeka, nakubali.

Ikawaka. Usiku ule sikulala mbele ya kukopi picha zote mara mbili.