Usiache mbachao kwa gemu upitao

Je, msomaji, ni mara ngapi umefungua sanduku nyumbani ukakuta ile mashine ya zamani ya gemu, nyaya zimejisokota, vumbi tele, ukajiuliza iende jaani au ibaki? Wengi huona ni takataka. Mimi nasema ngoja kidogo.

Nyingi ya mashine tulizokua nazo sisi watoto wa mitaani Nairobi hazikuwa halisi. Ziliigwa kutoka Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1983. Kaseti iliandikwa kwamba ina michezo 9999, kumbe ni ile ile michache inayojirudia! Hata hivyo tulicheza Super Mario Bros. ya 1985 na Contra mpaka mama akachomoa waya ukutani.

Contra ilikuwa ya watu wawili. Katika hatua ya maporomoko ya maji, anayeparamia juu upesi humuua mwenzake aliyebaki chini, maana picha humwacha nyuma. Mimi na kakangu tuligombana sana hapo kabla ya kujifunza kungojana.

Lakini je, vitu hivi vina haja leo, wakati simu ina michezo chungu nzima? Naam, vina haja. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na shirika la Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani. Mwaka huo huo, mwezi Machi, Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa magari uitwao The Crew, na hata aliyekuwa na diski yake mkononi hakuweza kuucheza tena. Kaseti ya kale haiombi ruhusa ya mtu. Ukiichomeka, inacheza.

Hata hivyo, usikimbilie kununua ukidhani utatajirika. Ni kweli kwamba Julai 2021 kaseti ya Super Mario 64 ilipigwa mnada Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Lakini ile ilikuwa bado imefungwa ndani ya kasha lake, haijaguswa. Yako ina mafuta ya viazi karai. Nunua ili ucheze, na kamwe usiguse karo ya mtoto. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aiwashe uone. Na ukitaka ile yenye bunduki ya kulengea bata, fahamu kwamba haifanyi kazi kwenye runinga bapa za siku hizi. Inahitaji ile ya kisogo.

Kama unayo tayari, itunze. Usipulize kaseti kwa mdomo kama tulivyozoea, kwani mate huleta kutu. Ipanguse kwa pamba yenye spiriti kidogo, uiache ikauke. Toa betri kwenye mashine za mkononi zisije zikavuja. Iweke mbali na jua na unyevu, hasa ninyi wa Mombasa wenye hewa ya chumvi.

Sasa nikueleze kwa nini yetu haitauzwa. Kakangu anafanya kazi Doha. Alipokuja likizo Desemba, tulikaa siku mbili tukisalimiana tu, kwa sababu ya shamba la marehemu baba. Jioni ya tatu mwanangu aliitoa ile mashine, akaichomeka kwenye runinga kuukuu ya mama, akatupa kila mmoja pedi yake. Tulipofika kwenye maporomoko, kakangu alisimama, akaningoja. Sitakudanganya kwamba gemu ilitupatanisha. Suala la shamba bado liko kwa wazee. Lakini usiku ule tulizungumza hadi saa sita.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, kabla hujampa mchuuzi wa vyuma vikuukuu mashine yenu, uliza kwanza ndani ya nyumba ni nani aliyeicheza na nani. Bei ya mchuuzi haihesabu hilo.