Cheni ya Katapila la Baba

Najua nimepotea. Kuna walioniuliza pale kafteria kwa nini nimerudi likizo na mikono iliyokwaruzika kama ya mponda kokoto, na kucha zenye weusi usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Nikawajibu nitaandika. Basi ndiyo hii, mnivumilie maana ni ndefu kidogo.

Wengi mnajua kwetu ni Maswa. Ambacho sijawahi kukisema hapa ni kwamba Baba ana katapila. Msije mkadhani sisi matajiri, kwi kwi kwi. Ni D6C, toleo lililoanza kutengenezwa miaka ya 1960, na Baba alilinunua likiwa limeshachoka. Kazi yake ni moja tu, kuchimba malambo ya kunyweshea ng'ombe. Na kazi hiyo ni ya kiangazi. Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba ndipo hela inapoingia, na ndani ya hela hiyo kuna ile sehemu ya ada yangu ambayo mkopo haufiki. Kwa hiyo katapila likilala, na mimi huku Mlimani nalala.

Nilipofika nyumbani mwezi wa saba nikakuta limelala. Liko pembeni mwa lambo lililochimbwa nusu, cheni ya kushoto imetoka na kumwagika kwenye tope kama nyoka aliyeuawa. Mara ya tatu mwaka huu, akasema mdogo wangu. Kila ikitoka Baba na vijana wake wanairudisha, halafu Baba anachukua bomba la grisi, anaichomeka kwenye ajasta na kupampu mpaka cheni inakaza kama uzi wa gitaa. Anaigonga kwa nyundo, inalia, anaridhika. Kwa akili yake cheni inatoka kwa sababu imelegea, kwa hiyo dawa yake ni kukaza.

Ambao hamjawahi kuinama mkaangalia chini ya katapila, niwaeleze kidogo. Nyuma kuna gurudumu kubwa lenye meno, sproketi, hilo ndilo linalovuta. Mbele kuna gurudumu laini lisilo na meno, mafundi wanaliita aidla. Katikati chini kuna rola, kwetu ni sita kila upande, ndizo zinazobeba uzito wote. Cheni inazunguka vyote hivyo, na juu yake ndiyo vimefungwa vile viatu vya chuma vinavyokanyaga ardhi. Ukijaza grisi kwenye ajasta, aidla inasukumwa mbele na cheni inakaza. Jina lenyewe katapila maana yake ni kiwavi, na ukiliona linavyotembea unakubali. Benjamin Holt wa Marekani alijaribu mashine yake ya kwanza ya namna hii huko Stockton, California, mwaka 1904, kwa sababu matrekta yake ya magurudumu yalikuwa yanazama kwenye ardhi laini. Angeiona mbuga ya Maswa baada ya mvua!

Turudi kwenye stori. Baba alimwita fundi, mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kwenye ujenzi wa barabara. Alipoambiwa nasoma ualimu, fizikia na hesabu, akaanza kuniita mwalimu hapo hapo. Walipokwisha kuirudisha cheni akaniuliza, "Mwalimu, unadhani cheni hii imerefuka kiasi gani?"

Nikamjibu kwa mbwembwe za chuo kwamba chuma hakirefuki hivi hivi, labda kwa joto, na hata hapo ni kidogo mno. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Haya, leta futi tupime."

Alichukua pini moja kuukuu akaipachika kati ya meno ya sproketi na cheni, kisha akamwambia kijana arudishe mashine nyuma taratibu mpaka sehemu ya juu ya cheni inyooke kabisa. Tukapima viungo vinne kwa pamoja, kutoka pini mpaka pini. Masta pini, ile inayofungulia cheni, akaniambia tuikwepe kwa sababu haiwezi kukupa picha ya zile nyingine. Kwa mashine yetu kiungo kimoja kikiwa kipya ni inchi 8, kwa hiyo vinne ni inchi 32, yaani kama milimita 813. Kushoto tukapata 824. Kulia 821.

Jamani, niliona aibu. Halafu nikakaa chini nikafikiri, maana namba hazina aibu. Chuma kweli hakijarefuka. Kilichotokea ni kwamba ndani ya kila kiungo kuna pini inayojizungusha ndani ya bushi, na kila cheni inapojikunja pini inaila bushi na bushi inaila pini, upande mmoja tu, ule wa kuvutia. Cheni yetu ni ya aina kavu ya zamani, isiyo na mafuta ndani. Milimita karibu tatu kwa kila kiungo, zidisha viungo thelathini na kitu, unapata karibu sentimita 10 za nafasi tupu zilizojificha humo.

Na hapo ndipo nikaelewa kwamba grisi ya Baba ilikuwa inaficha ugonjwa. Ukisogeza aidla mbele unameza ule ulegevu, sawa. Lakini umbali kati ya bushi na bushi unabaki ule ule mbaya, kwa hiyo bushi hazikai tena kwenye mabonde ya sproketi, zinapanda juu ya meno. Meno yetu yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Mbaya zaidi, cheni iliyokazwa kupita kiasi inabana kila pini na kila bushi muda wote, hata mashine isipokuwa na mzigo. Halafu Baba anakaza cheni ikiwa safi na kavu pale nyumbani, kisha anaipeleka kwenye udongo wa mbuga. Tope linajaa kati ya bushi na meno, cheni inajikaza yenyewe juu ya ule mkazo. Fundi alisema cheni ipimwe pale pale kwenye kazi, na tope lake, na ulegevu ubaki unaoonekana kwa macho. Ongeza na tabia ya kurudi rivasi kwa gia ya mbio baada ya kila msukumo. Kwenye rivasi bushi zinasagika kwenye meno zaidi kuliko unapokwenda mbele, na Baba anaipenda rivasi.

"Sasa nani atamwambia?" nikauliza.

"Wewe. We ndiye msomi," akasema mzee, akawasha sigara yake na kuondoka kwenda kunywa chai.

Nyie acheni tu. Nimeshasimama mbele ya darasa la wanafunzi themanini kwenye BTP, mkaguzi amekaa nyuma na kalamu yake, sikutetemeka vile. Baba yangu si mtu wa kuambiwa amekosea, tena na binti, tena kuhusu katapila lake ambalo amelilea kuliko sisi. Na kukaza kwake kulikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza alipolinunua, cheni ilitoka katikati ya tope wakati mvua inaanza, mashine ikakaa humo wiki mbili na lambo likajaa maji. Tangu hapo anaogopa cheni legevu kama mtu aliyeumwa na nyoka.

Jioni sikumweleza kitu. Nilimpa futi tu nikamwomba anisaidie kupima, nimeshau namba. Uongo mtakatifu. Akapima, 824. Nikachora kiungo chini kwa kijiti, nikachora na pini iliyolika upande. Akaangalia mchoro, akaenda kwenye sproketi, akapitisha kidole kwenye ncha za meno. Alikaa kimya muda mrefu, nikawa nasikia ng'ombe wa jirani tu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Sikujua nijibu nini. Nikasema, "Baba, zote huwa zinalika." Akasema, "Lakini si hivi." Akaingia ndani.

Asubuhi akauza ng'ombe watano. Watatu kati yao mnajua walikuwa wa nini.

Mengine niyapitishe haraka. Kulegeza ajasta unafungua valvu kidogo kidogo ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu ile grisi ina presha ya kukupenya ngozi. Masta pini ilitolewa kwa nyundo na matusi. Cheni zote mbili zikapakiwa kwenye Fuso mpaka Mwanza, kwenye karakana yenye presi ya kung'olea pini, na kule pini zote na bushi zote zikageuzwa nusu duara ili upande uliolika ukae kusikofanya kazi na ule mzima uanze kuvuta. Kwa hiyo cheni kuukuu inarudi karibu na urefu wake bila kununua mpya. Ila ingewezekana kwa bei nafuu zaidi kama tungewahi. Bushi tisa za kushoto zilikuwa zimelika mpaka kupita ile ngozi yake ngumu ya nje na kupasuka, hizo hazigeuziki, ni kununua. Sproketi nazo fundi aligoma katakata kuzirudishia cheni na meno yale. Alikata pete za zamani kwa gesi, akachomelea mpya, kidogo huku, kidogo upande wa pili, ili zisijipinde. Mimi nilishika taa na kupiga brashi ya waya. Ndiyo hizo kucha.

Rola tatu zinavuja mafuta, mbili zimebadilishwa. Ya tatu inasubiri hela.

Na mimi pia nasubiri hela, nimelipa ada nusu, ofisini nimeandika barua na nasikilizia. Bumu likitoka nitawarudishia wote mnaonidai, msinikimbize.

Juzi usiku Baba alipiga simu. Hakusalimia hata. "Kushoto 815, kulia 814. Nimepima mwenyewe, na tope." Nikamuuliza rivasi je? Akakata simu.