Umeme wa Al Baraha na Injini za Mkonge



Mtaa wetu wa Al Baraha umo upande wa Deira, jirani na Naif na Al Muteena. Wakati wa joto viyoyozi huvuma usiku kucha, na watoto wetu hudhani umeme huota ukutani. Hata hapa si wa kale: Kampuni ya Umeme ya Dubai iliasisiwa mwaka 1959.

Miaka hiyohiyo, huko Tanga, baadhi ya wazee wetu walifanya kazi katika nyumba za injini za viwanda vya mkonge. Injini ya mvuke au ya dizeli ilizungusha gurudumu kubwa, na mkanda ukapeleka nguvu kwenye korona, mashine iliyoponda na kukwangua majani. Ratili 100 za majani hutoa takriban ratili 4 tu za nyuzi, na majani yakishakatwa hayangoji siku nyingi. Kwa hiyo injini ikizimika, waliokuwa wakilisha korona na waliokuwa wakianika nyuzi walikaa bure.

Mchochea moto, mtia mafuta na fundi walikesha katika joto na moshi, karibu na mikanda iliyoweza kunasa mkono wa nguo. Fundi hodari aliutambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza. Lakini sikio hilohilo, lililokuwa chombo chake cha kazi, ndilo lililoliwa na kelele.

Mashambani humo wengi waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa kwa namba wakaletwa kutoka mbali. Ujira wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Umeme wa maporomoko ya Pangani ulianza katika miaka ya 1930, na wa Hale mwaka 1964. Hata hivyo, katika miaka ya 1950, Tanganyika ilipoongoza dunia kwa mkonge, jasho la nyumba ya injini lilikuwa bado halijakauka.

Leo wapo vijana wetu wanaoona haya kutamka kwamba babu alikuwa manamba. Haya hiyo haina msingi: mkono ule ndio uliosomesha wazazi wao. Wazee hao waliobaki ni wachache, na wengi hawasikii vizuri. Tusiwakasirikie wanapotuuliza mara mbili. Tukae karibu, tupaze sauti, tuwaulize majina ya mashamba na kazi walizofanya, tuyaandike. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.