Bomba Limefika, Msitu Je?

Kizazi chetu cha Unyamwezi kimefanya mambo mawili makubwa kuhusu maji na msitu, na wajukuu watatuuliza kuhusu yote mawili.

La kwanza ni la kujivunia: tumeleta maji ya Ziwa Victoria, linalotoa Nile. Mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri ulitaka kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile isifanywe bila ridhaa ya Misri. Mwalimu Nyerere aliukataa mwaka 1962, sisi tungali wadogo. Hata hivyo tulizeeka tukisubiri. Bomba kutoka Ihelele, Misungwi, lilifika Kahama na Shinyanga, Rais Kikwete akalizindua mwaka 2009. Januari 2021 Rais Magufuli akazindua tawi la Nzega, Igunga na Tabora, lililojengwa kwa mkopo wa India. Mama zetu walidamka usiku wa manane wakati wa kiangazi kuwahi maji ya tope kisimani. Wengi wao hawakuliona bomba hilo, na jambo hilo huniuma.

La pili ni kukata misitu ya miombo. Tangu tumbaku ishike Urambo, Kaliua na Sikonge, kuni zimeingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku msimu baada ya msimu. Mkulima alitafuta ada ya shule, mnunuzi alitaka jani lililokauka vizuri, na msitu haukuwa na wa kuusemea. Warina asali wanajua zaidi yetu kilichopotea.

Sasa nasikia vijana wakiuliza: maji ya ziwa yameshafika, mabwawa yetu ya Igombe na Kazima ya nini tena? Hapo nawapinga kwa moyo wote. Wapagazi wa misafara ya Ujiji na Bagamoyo walipiga kambi palipokuwa na maji, na Tabora ilikua kutokana na misafara hiyo. Maji ya ziwa yanasukumwa kwa pampu kutoka mbali. Pampu ikisimama, bwawa la karibu ndilo tegemeo. Tena ziwa lenyewe hutegemea zaidi mvua inayolinyeshea, na miji inayolizunguka inalichafua. Yale tunayovuta hayarudi huko, maana mito mingi ya Tabora huelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Tunachota kwenye bonde la Nile, linalowanywesha watu hadi Misri.

Kwa hiyo nataka sehemu ya ankara zetu za maji itumike kupanda miti ya asili kandokando ya Igombe ili kulilinda bwawa, na anayelima hadi ukingoni mwa bwawa aondolewe baada ya kutafutiwa shamba kwingine. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nitalisema hilo mbele ya diwani.