Stika Sio Kiwanda

Timu za hoki za vyuo zinatafuta vifaa, na meseji zangu zimejaa swali moja: “Ninunue gongo la kampuni gani?” Mimi naona tunaanza na swali la mwisho. La kwanza ni hili: limetengenezwa na nani, na kwa kitu gani?

Magongo mengi ya hoki duniani hutoka mji mmoja, Sialkot, Pakistan. Kampuni nyingi unazozijua kwa jina huagiza tu. Kiwanda cha huko kinatengeneza, stika inabandikwa, mzigo unasafirishwa. Kiwanda kimoja kinaweza kutengenezea kampuni kadhaa. Hata Brazuca, ule mpira wa Adidas wa Kombe la Dunia 2014, Forward Sports ya Sialkot ilikuwa kati ya walioutengeneza. Wangapi kati yetu tumewahi kusikia hilo jina?

Sisi watu wa Kericho na Bomet tungefaa kuelewa hii maneno haraka kuliko mtu yeyote. Mamangu huchuna chai. Majani yakitoka kiwandani yanawekwa kwa magunia, yanapigwa mnada Mombasa, halafu mengi yanachanganywa na chai ya nchi zingine na kuuzwa kwa pakiti yenye jina la mtu mwingine. Na mnunuzi wetu mkubwa kwa miaka mingi ni nani? Pakistan! Inawezekana kabisa fundi wa Sialkot anakunywa chai ya mamangu saa hii, na mimi nashika gongo lake. Hakuna anayemjua mwenzake. Kila mmoja anajua tu stika.

Juzi kuna duka lilitaka niposti magongo yao, nipewe mawili bure, bora niseme ni ya Uholanzi. Nikauliza yametengenezwa wapi. Kimya. Nikakataa. Na sipingi udhamini, jamani. Timu zetu zinahitaji jezi, na mdhamini akitoa pesa, jina lake likae kifuani, ni haki yake. Lakini kulipia jezi si kushona jezi. Tena nyota akipewa gongo bure, gharama ya hilo tangazo iko ndani ya bei yako wewe.

Kumjua fundi si udaku. Miaka ya 90 dunia iligundua kuwa watoto walikuwa wakishona mipira Sialkot, na mwaka 1997 makubaliano yakatiwa sahihi Atlanta ili kukomesha hilo. Hayo yote yalikuwa yamefichwa nyuma ya nembo safi kabisa.

Kwa hivyo ukiingia dukani, soma asilimia ya kaboni kwenye gongo. Kaboni nyingi inafanya gongo kuwa gumu: linapiga kwa nguvu, ila linataka mkono uliozoea. Kama ndio unaanza, la kaboni kidogo litakusaidia kutuliza mpira. Angalia urefu, angalia uzito, uliza lilikotengenezwa. Stika iwe ya mwisho.

Na kama pesa ni ya majani, piga hesabu kwanza: tofauti ya bei kati ya haya magongo mawili ni kilo ngapi mgongoni mwa mzazi wako? Ikiwa ni kaboni unalipia, sawa. Ikiwa ni jina tu, mwachie mwenye jina.